Mashimo 18 yalianzia wapi, na kedi ana nafasi gani humo?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni kedi, mbeba mifuko ya fimbo za wacheza gofu, hapa Arusha, mwaka wa nne sasa, nakaa Ngarenaro. Wiki iliyopita mgeni niliyembebea mfuko aliniuliza mashimo mengine yako wapi. Nikamwambia yapo 9, tukiyamaliza tunayarudia. Akasema basi huu si uwanja kamili, na kwamba kule St Andrews, Uskoti, wenye gofu yao wasingeukubali. Naomba unieleze: nani aliamua mashimo yawe 18? Hiyo klabu ya St Andrews ndiyo inayomiliki gofu? Na ni kweli kwamba nahodha mpya akiingia, makedi hugombania mpira wake? Kama ni kweli, sisi makedi tuna nafasi gani katika mila za mchezo huu, au sisi ni wa kubeba tu?"

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Nilidhani ningeijibu kwa mistari michache, lakini maswali yako yameshikana kama kamba iliyosokotwa, ukivuta moja mengine yanakuja nalo. Mimi mwenyewe nilianza kwa kubeba mifuko hapa Moshi nikiwa na miaka 13, kabla sijashika fimbo iliyo yangu, na leo ni mwamuzi wa sheria za gofu. Kwa hiyo ninapokujibu ninamjibu pia yule mtoto niliyekuwa.

Tuanze na uwanja wako, maana hapo ndipo ulipoumizwa. Watu wa St Andrews wenyewe walifanya unachofanya wewe kila siku: walicheza mashimo, wakafika mwisho, wakageuka, wakayacheza tena. Uwanja wao wa kale ni ukanda mwembamba wa ardhi ya mchanga kando ya bahari, umepinda mwishoni kama fimbo ya mchungaji inavyopinda kichwani. Hapakuwa na nafasi ya kuweka njia mbili. Mchezaji aliondoka mjini akacheza mashimo 11 hadi kule ambako mto Eden unaingia baharini, kisha akarudi mjini kwa mashimo yaleyale. Kumi na moja kwenda, kumi na moja kurudi, jumla 22. Hiyo ndiyo raundi ya St Andrews ilivyokuwa kwanza.

Mwaka 1764 wanachama waliona kwamba mashimo manne ya mwanzo ni mafupi mno, wakayaunganisha yakawa mawili. Sasa fanya hesabu. Kwenda yalipungua mawili, kurudi yakapungua mawili, na 22 ikawa 18. Hakuna aliyekaa chini akatafuta idadi bora ya kumchosha mtu au kumpima uwezo. Na hayo 18 hayakuwa mashimo 18 ardhini. Ardhini yalichimbwa mashimo 10 tu, nane kati ya hayo yakichezwa mara mbili. Kwa maneno mengine, raundi ya kwanza ya mashimo 18 duniani ilipatikana kwa kurudia, kama unavyorudia wewe hapo Arusha. (Utasikia pia hadithi kwamba ni 18 kwa sababu chupa ya wiski hutoa vipimo 18, kimoja kwa kila shimo. Si kweli. Usiibebe.)

Kilichowafanya waache kurudia shimo lilelile ni msongamano. Hadi katikati ya karne ya 19 mpira wa gofu ulikuwa wa ngozi iliyoshonwa kwa mkono na kujazwa manyoya ya ndege. Fundi hodari alimaliza mipira michache tu kwa siku, na bei yake ilimkataza mtu wa kawaida kuchezea. Mwaka 1848 ukaja mpira wa utomvu wa mti wa gutta-percha kutoka nchi za Malaya. Unapashwa kwa maji ya moto, unaviringishwa, unagandishwa, na ukipasuka unayeyushwa ukatengenezwa upya. Bei ikashuka, watu wakafurika uwanjani. Wanaokwenda wakawa wanagongana na wanaorudi kwenye shimo moja. Ndipo wakazipanua grini, yaani pale penye nyasi fupi kuzunguka shimo, na kuchimba mashimo mawili juu ya grini moja, moja la kwendea na moja la kurudia. Mpaka leo uwanja huo una grini saba za namna hiyo, na kila grini ukijumlisha namba za mashimo yake mawili unapata 18: la 2 na la 16, la 3 na la 15, na kuendelea. Mimi nilipoliona jambo hilo kwenye ramani mara ya kwanza nilikaa nikajumlisha zote saba kwa kidole.

Na viwanja vingine vya Uskoti je? Kila mji ulikuwa na hesabu yake. Leith, bandari ya Edinburgh, palikuwa na mashimo 5. Prestwick, pwani ya magharibi, 12. Mashindano makubwa kuliko yote, The Open, yalizaliwa Prestwick mwaka 1860. Walicheza raundi tatu za mashimo 12, jumla 36, na wachezaji walikuwa wanane tu. Halafu kuna Musselburgh, karibu na Edinburgh, na hapa ninaomba usome polepole: uwanja wa Musselburgh ulikuwa na mashimo 9, na The Open ilichezwa hapo mara sita, kuanzia 1874 hadi 1889. Mabingwa sita wa mashindano hayo walipatikana kwa kuzunguka mashimo 9 mara nne. Mgeni wako akirudi, mweleze hilo kwa adabu kama unavyomweleza upepo unavuma kutoka wapi.

Idadi ya 18 ilipata nguvu mwaka 1858, pale klabu ya St Andrews ilipoandika kwamba mchezo mmoja utahesabiwa kuwa ni mashimo 18, isipokuwa wachezaji wakubaliane vingine. Klabu nyingine zilikuwa zikiiga St Andrews katika mambo mengi, zikaiga na hili. Ona lakini maneno "isipokuwa wakubaliane vingine". Hata walioandika 18 hawakuufunga mlango.

Sasa swali la pili, kama klabu hiyo inamiliki gofu. Hapa watu wengi huchanganya vitu vitatu: klabu, sheria, na ardhi.

Klabu ilianza tarehe 14 Mei 1754, wakati watu 22, wakiwemo wenye ardhi na maprofesa wa chuo kikuu cha mji huo, walipoanzisha chama cha wacheza gofu wa St Andrews. Mwaka 1834 Mfalme William IV alikubali kuwa mlezi wake, na tangu hapo ikaitwa The Royal and Ancient Golf Club of St Andrews, yaani ya Kifalme na ya Kale. Lakini sheria za kwanza zilizoandikwa za gofu si zao. Miaka kumi kabla, mwaka 1744, wacheza gofu wa Leith walikuwa wameiomba halmashauri ya Edinburgh itoe zawadi. Halmashauri ikatoa fimbo ya fedha ishindaniwe. Ukishakuwa na zawadi na washindani, unahitaji sheria, na wakaandika 13. Nyingi utazitambua: mpira ukiingia kwenye maji unaruhusiwa kuutoa lakini unampa mwenzako mkwaju mmoja, na mpira ukizuiwa na mtu, farasi au mbwa, unachezwa pale ulipolala. Mshindi wa kwanza alikuwa daktari wa upasuaji, John Rattray. Mwaka uliofuata alishinda tena, kisha akajiunga na jeshi la waasi wa Prince Charles, na baada ya kushindwa kwao vitani Culloden mwaka 1746 akakamatwa. Aliyemwombea mpaka akaachiwa ni jaji mkubwa kabisa wa Uskoti, Duncan Forbes, ambaye walikuwa wakicheza pamoja Leith. Rattray aliishi, na mwaka 1751 akaishinda fimbo ile mara ya tatu. St Andrews walipoanza 1754 walichukua sheria zile karibu neno kwa neno.

Baadaye klabu nyingi zilianza kuwapelekea St Andrews migogoro yao, na mwaka 1897 klabu ikaunda kamati maalumu ya sheria. Tangu 2004 kazi hiyo imetengwa na klabu na inafanywa na chombo kiitwacho The R&A, ambacho hutunga sheria pamoja na chama cha gofu cha Marekani, USGA. USGA inasimamia Marekani na Mexico, na The R&A inahudumia sehemu nyingine za dunia, sisi tukiwemo. Wanachama wa klabu wanabaki na jengo lao, mashindano yao na karamu zao.

Na ardhi? Ardhi si ya klabu. Wala si ya The R&A. Ule uwanja maarufu kuliko wote duniani ni wa umma.

Nataka nikae hapa kidogo, maana naona ndipo siri ya mila zao ilipo. Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton aliandika hati iliyotambua haki ya watu wa mji kutumia ardhi ile kwa gofu, mpira na michezo mingine, huku yeye akiruhusiwa kufuga sungura humo. Mwaka 1797 halmashauri ya mji ilikuwa na madeni, na ardhi ikaangukia mikononi mwa wafanyabiashara wa sungura. Sungura wakachimba mashimo kila mahali, wacheza gofu wakaenda mahakamani, na watu wakawa wanawaua sungura wale kwa kudai kwamba ardhi ni yao. Ugomvi ulidumu zaidi ya miaka 20, hadi mwaka 1821 mwenye shamba la jirani, James Cheape, mcheza gofu, aliponunua ardhi hiyo na kuiokoa. Mwaka 1894 mji uliirudisha mikononi mwake kwa sheria ya Bunge, na tangu 1974 inasimamiwa na chombo cha udhamini kwa niaba ya umma. Nafasi nyingi za kucheza hutolewa kwa kura ya bahati. Weka jina lako leo, keshokutwa unaweza kuwa pale, iwe una cheo au huna.

Nilipata bahati ya kufika huko mara moja, na nilifika siku ya Jumapili. Jumapili uwanja hufungwa kwa gofu, isipokuwa kwenye mashindano machache makubwa. Niliwakuta akina mama wanasukuma watoto kwenye vigari, wazee wanatembeza mbwa, vijana wamekaa juu ya daraja dogo la mawe la Swilcan wakila viazi vya kukaanga. Nilisimama katikati ya njia ya shimo la 18 na hakuna mlinzi aliyeniuliza ninatafuta nini. Nilikumbuka tulivyokuwa tukifukuzwa tukiwa watoto, kwenye uwanja mmoja ambao sitautaja, kwa kosa la kukatiza kwenda mtoni. Machozi yalinilenga, nakwambia kweli.

Kwa sababu ardhi ilikuwa ya wote, wacheza gofu walilazimika kujifunza kuishi na wenzao, na mila nyingi nzuri zilitoka humo. Yale makoti mekundu unayoyaona kwenye picha za kale hayakuwa mapambo tu. Mtu aliyevaa nyekundu anaonekana mbali, na aliyekuwa akichunga ng'ombe au kuokota kuni alijua kwamba mpira mgumu unaweza kuruka kutoka upande ule. Huko London, kwenye ardhi ya umma ya Wimbledon, wachezaji wanalazimika kuvaa nguo nyekundu mpaka leo kwa sababu hiyohiyo. Wanawake wa St Andrews nao walikuwa na haki ya kufua kwenye kijito cha Swilcan na kuanika nguo vichakani. Klabu haikuwafukuza. Iliandika kanuni ya uwanja kwamba mpira ukitua juu ya nguo, nguo ivutwe taratibu kutoka chini ya mpira na mchezo uendelee. Ukimwona mchezaji anarudishia kipande cha nyasi alichokwangua, au anasawazisha mchanga aliokanyaga, ujue anafuata mwenendo uleule wa kukumbuka kwamba kuna mwenzako anakuja nyuma.

Haya, sasa nahodha na mpira wake. Ni kweli, na ni mila ninayoipenda kuliko zote.

St Andrews nao walikuwa na fimbo yao ya fedha ya kushindania, tangu 1754. Aliyeshinda ndiye aliyekuwa nahodha wa mwaka, na alifunga mpira wa fedha kwenye fimbo hiyo kama kumbukumbu. Baadaye waliona si vizuri cheo kipatikane kwa kupiga mpira vizuri tu, wakaanza kumchagua nahodha. Lakini hawakutaka kuiacha mila ya kushinda, kwa hiyo wakafanya hivi: kila Septemba nahodha mpya anasimama kwenye tii ya kwanza, yaani mahali pa kuanzia shimo la kwanza, saa mbili asubuhi na kupiga mkwaju mmoja. Kwa kanuni, mkwaju ule ni mashindano kamili ya fimbo ya fedha, na mshindani ni yeye peke yake. Fimbo inapogusa mpira, mzinga mdogo unalipuliwa na mji mzima unasikia.

Mbele yake makedi wametawanyika uwanjani. Wanamjua nahodha, wanajua anapiga mbali kiasi gani, na kila mmoja amechagua pa kusimama kwa akili yake. Mpira ukitua wanaukimbilia wote. Atakayeupata anamrudishia nahodha mkononi, na nahodha anaununua kwa sarafu ya dhahabu. Fikiria hilo. Siku kubwa kuliko zote katika maisha ya mtu yule ndani ya klabu, mbele ya wanachama wenzake, jambo la kwanza analofanya kama nahodha ni kumlipa kedi. Mkwaju wake haukamiliki mpaka kedi aurudishe. Huo si utani wa kuwaburudisha wakubwa, mdogo wangu. Ni klabu inakiri hadharani, kila mwaka, nani anashika mchezo huu kwa mkono wake.

Na wana sababu ya kukiri. Wale wanane wa The Open ya kwanza hawakuwa mabwana wenye ardhi. Walikuwa watu wa kazi: makedi, mafundi wa mipira na fimbo, na watunza viwanja. Aliyeshinda, Willie Park, alimaliza kwa mikwaju 174 na alikuwa mmoja wao. Aliyemfuatia kwa mikwaju miwili ni Tom Morris, mtoto wa St Andrews aliyejifunza kazi kwa fundi wa mipira ya manyoya, Allan Robertson. Morris alikuja kuishinda The Open mara nne, na mwaka 1864 alirudi kwao kuwa mtunza uwanja, akaifanya kazi hiyo hadi 1903. Uwanja unaosifiwa na mgeni wako umeundwa sana na mikono ya mtu huyo. Na ni yeye aliyeshikilia Jumapili ifungwe, kwa hoja kwamba hata kama wachezaji hawahitaji kupumzika, ardhi inahitaji.

Sitakuficha upande wa pili. Kwa miongo mingi watu hao hao walioshinda vikombe hawakuruhusiwa kuingia kwa mlango wa mbele wa klabu. Walibadilisha nguo kwenye kibanda cha kazi au nje. Mwaka 1920, mashindano ya wazi ya Marekani yalipochezwa katika klabu ya Inverness, mjini Toledo, milango ilifunguliwa na wachezaji wa kulipwa wakakaribishwa ndani kama wageni wengine. Walishukuru kwa kuchanga fedha zao na kuizawadia klabu saa kubwa ya kusimama, na saa hiyo ipo mpaka leo. Wanawake walisubiri zaidi. Wake na mabinti wa St Andrews walianza kwa kucheza kwenye kiwanja kidogo ambacho makedi walikuwa wakijifunzia kupiga mipira ya karibu. Mwaka 1867 wakaunda klabu yao, na Tom Morris akawatengenezea kiwanja chenye vilima na mabonde ambacho watu wanakiita Himalaya. Klabu kubwa yenyewe ilibaki ya wanaume kwa miaka 260. Ilipiga kura mwezi Septemba 2014, asilimia 85 wakakubali wanawake, na mwaka 2015 wa kwanza wakaingia, akiwemo Annika Sorenstam wa Sweden na Renée Powell, Mmarekani mweusi aliyecheza gofu ya kulipwa wakati weusi walikuwa wachache sana kwenye mchezo huo.

Hata neno Gymkhana ambalo unaliona kwenye geti la klabu yako limekuja kwa njia ndefu. Mzizi wake ni wa Kihindustani, gend-khana, nyumba ya mpira. Waingereza wa India walilichanganya na neno lao la mazoezi ya viungo, wakalitumia kwa vilabu vya michezo, kisha likavuka bahari hadi kwetu. Katika enzi za ukoloni vilabu hivyo vilikuwa vya watawala na wageni wao, na Mwafrika aliingia akiwa na mfuko begani au sinia mkononi. Leo Arusha imetoa wachezaji wanaoitwa na Taifa. Madina Iddi ni mtu wa Arusha, na jina lake linajulikana kwenye mashindano ya wanawake ndani na nje ya Tanzania. Ndiyo maana nakwambia tofautisha mila na ukuta. Kumlipa kedi kwa dhahabu ni mila. Kumzuia mtu mlangoni kwa sababu ya kazi yake, rangi yake au jinsia yake ulikuwa ukuta, na wenyewe wameubomoa.

Nimekuwekea habari moja ya mwisho kuhusu nahodha. Huko Brookline, karibu na Boston, kijana anayeitwa Francis Ouimet alikulia kwenye nyumba iliyotazamana na uwanja wa The Country Club, akabeba mifuko hapo tangu utotoni. Mwaka 1913, akiwa na miaka 20, mchezaji wa ridhaa, aliingia mashindano ya wazi ya Marekani kwenye uwanja uleule. Alifungana na Waingereza wawili waliokuwa wakiogopwa duniani kote, Harry Vardon na Ted Ray, na katika raundi ya marudio ya mashimo 18 akawashinda wote. Mfuko wake siku ile ulibebwa na Eddie Lowery, mtoto wa miaka 10. Ouimet alizeeka ndani ya mchezo, na mwaka 1951 St Andrews wakamchagua kuwa nahodha wao, Mmarekani wa kwanza kupewa heshima hiyo. Asubuhi ile ya Septemba alisimama kwenye tii ya kwanza mtu aliyekuwa kedi, na mbele yake wamejipanga makedi wakisubiri mpira wake. Ukiniuliza nafasi yako iko wapi katika mila za gofu, ninakuonesha tii hiyo, pande zote mbili.

Sasa tushuke kwenye mambo ya kesho asubuhi. Mgeni akitaka mashimo 18 bila kurudia, mwelekeze uwanja wa Kiligolf karibu na Usa River, ni mzuri na Meru na Kilimanjaro zinaonekana hali ya hewa ikikubali. Akibaki na wewe, mwonyeshe kwamba kurudia si kucheza kitu kilekile. Viwanja vingi vya mashimo 9 huweka tii mbili kwa kila shimo, hivyo shimo la 1 likirudi kama la 10 linabadilika urefu na wakati mwingine pembe. Halafu kuna jua na upepo. Wewe unajua nyasi za asubuhi zenye umande wa Julai zinavyoushika mpira, na zinavyouachia saa tano. Hiyo ndiyo elimu yako, na mgeni hana. Umpe bila kusubiri akuulize.

Na wewe mwenyewe cheza. Klabu nyingi hutenga muda wa makedi kucheza. Kama hapo upo, usiukose, na kama haupo, nendeni mkaombe kwa nahodha mkiwa kundi, kwa heshima, mkiwa na mapendekezo ya siku na saa ambazo uwanja hauna watu. Kuhusu kuandikishwa handikapu, yaani namba inayoonyesha kiwango cha mchezaji, mfumo wa dunia ulioanza mwaka 2020 unapokea kadi za mashimo 9. Hauhitaji mashimo 18 kwa mkupuo. Ili upate handikapu ya kuanzia unahitaji kadi zenye jumla ya mashimo 54, yaani raundi sita za mashimo 9, kila moja ikiwa imechezwa na mtu wa kukuhesabia na kutia saini akiwepo. Muulize anayeshughulikia handikapu hapo klabuni utaratibu wa kujiandikisha, kisha anza kutunza kadi zako kuanzia raundi ijayo.